Kupindisha sauti kwa vipande vya paipu: vipimo vya kuzingatia

Tuanze na wanaotaka kuzuia jenereta ya jirani. Uzio wa paipu zilizopangwa kwa nafasi sawa huzuia sauti ambayo nusu ya urefu wa wimbi lake inakaribiana na nafasi kati ya paipu, kutoka kitovu hadi kitovu. Mngurumo wa 50 Hz, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, ungedai paipu ziachane kwa takriban mita 3.4, na safu kadhaa. Hakuna kiwanja cha Ntinda, hapa Kampala, kitakachokutosha. Jenga ukuta, na utumie paipu kwa kazi zinayoiweza vizuri: kuongoza mlio mwembamba ndani ya mfereji, hata upinde kona.

Jambo lenyewe limethibitishwa. Mwaka 1995 watafiti wa Hispania walipima sanamu iliyoko Madrid, kazi ya msanii Eusebio Sempere, ya mabomba ya chuma yenye kipenyo cha sentimita 2.9 yaliyoachana kwa sentimita 10, wakakuta sauti ya 1,670 Hz inafifia sana ikipita humo. Mabomba hayakuziba njia, maana nafasi zilikuwa wazi. Kila safu hurudisha sauti kidogo, na nafasi ikiwa nusu ya wimbi, vipande hivyo vidogo hurudi kwa hatua moja na kujumlishana. Sasa ondoa safu moja katikati. Sauti iliyokataliwa kila upande inabaki na njia hiyo tu, na huo ndio mfereji.

Kwa mradi wa shule, au meza ya maabara ya S.5 (mwaka wa tano wa sekondari), tumia paipu ya plastiki ya nyaya za umeme yenye kipenyo cha nje cha milimita 25. Maduka ya vifaa vya ujenzi ya Nabugabo, Kampala, yanazo. Usiombe "inchi moja", kwa sababu paipu ya chuma ya jina hilo ina kipenyo cha nje cha karibu milimita 33 na itavuruga hesabu yote. Pima kwa kalipa (kifaa cha kupimia kipenyo) kabla ya kulipa. Nafasi ya kitovu hadi kitovu ni kipenyo mara 1.2, yaani milimita 30, hivyo kati ya paipu na paipu hubaki milimita 5. Ukipanua nafasi hadi 40, sauti inayokwenda moja kwa moja bado itazuiwa, lakini inayokwenda kimshazari itapenya, na mfereji utavuja pembeni. Hapa ndipo miradi mingi hufia, si kwenye spika.

Kata vipande vya milimita 20. Urefu huo una sababu: vipande vitakaa kati ya ubao na kioo, na kimo cha nafasi hiyo kikizidi nusu ya wimbi, sauti huanza kudunda juu na chini na mpango wote wa safu huharibika. Kwa milimita 20 uko salama hadi karibu 8,600 Hz. Safu 11 za vipande 15 ni vipande 165. Paipu mbili za mita 3 zinatosha, hata ukihesabu kinachoishia kwenye meno ya msumeno na vile utakavyokata vibaya. Funga kizuizi cha mbao kwenye msumeno ili vyote vilingane, kisha sugua ncha kwa msasa uliolazwa juu ya kioo. Kipande kifupi kwa nusu milimita tu huacha mwanya juu yake, na hewa iliyo ndani ya paipu huanza kuitikia kwa mlio wake.

Chini weka ubao wa MDF (wa unga wa mbao ulioshindiliwa) wa sentimita 60 kwa 60, ukiwa na karatasi yenye duara zilizochapwa kwa kipimo halisi. Pima karatasi kwa rula kwanza, maana printa nyingi hupunguza ukubwa zenyewe. Juu weka kioo cha milimita 4 kutoka kwa fundi wa vioo, kingo zikiwa zimesuguliwa. Usitumie gundi, kwa kuwa utahamisha vipande mara nyingi. Vaselini kidogo kwenye ncha zote mbili hushika na kuziba. Kando, ukiacha wazi mahali sauti inapoingia na kutoka, jaza sponji ya godoro, la sivyo sauti itazunguka nje na kukudanganya.

Toboa ubao na uweke spika ndogo chini ya mlango wa mfereji, na maiki kwenye njia ya kutokea. Pandisha mlio kutoka 4,000 hadi 8,500 Hz kwa hatua za 50. Pima mara tatu bila kugusa kiwango cha sauti: ubao mtupu, vipande vyote, kisha safu ya katikati ikiwa imeondolewa. Pengo, yaani masafa (idadi ya mitetemo kwa sekunde) yanayokataliwa na vipande, litarajie takriban kati ya 6,000 na 7,000 Hz, ila uamuzi ni wa vipimo vyako. Maiki ya simu ina kasoro: programu nyingi huona mlio usiobadilika kuwa ni kelele na kuufuta. Tafuta programu inayorekodi sauti bila kuichuja. Na usipime mvua ikipiga mabati, Aprili itakupotezea wiki nzima.

Kimo cha Kampala hakibadilishi mwendo wa sauti, joto ndilo hubadilisha. Kutoka nyuzi 20 hadi 30 mwendo hupanda kutoka mita 343 hadi 349 kwa sekunde, na pengo lako husogea juu kwa karibu 110 Hz. Andika joto kando ya kila kipimo.

Ikiwa vipande vyote vinapunguza desibeli 5 tu, usiongeze safu. Tafuta mwanya chini ya kioo kwanza.

Kona ije mwisho. Ingiza mfereji kwenye safu ya katikati, uugeuze kwa nyuzi 90 kwenye kipande cha nane, na uache angalau safu tatu nzima kila upande. Baadhi ya masafa yatapita vizuri na mengine yatarudi yalikotoka. Rudisha kipande kimoja penye kona, au ondoa kile cha pembeni kabisa, upime tena. Kipande hicho kimoja hubadilisha matokeo kuliko spika ghali.