Changanya ladha za vepu mapema, lakini si kila kitu kiingie chupani

Anayejitengenezea nyumbani juisi ya vepu, yaani sigara ya kielektroniki, na ana ladha moja anayoirudia kila mara, hana haja ya kupima chupa tatu upya kila anapoishiwa. Azichanganye ladha zenyewe kwa uwiano wake mara moja, ziwe mchanganyiko mama, na siku ya kutengeneza juisi apime kitu kimoja tu. Faida kubwa hapa si muda. Nanasi ya asilimia 2 kwenye chupa ya ml 30 ni gramu 0.6, na katika kipimo kidogo hivyo tone moja likizidi ulimi unalijua. Ukipima gramu 10 kwa mpigo, tone hilo halina nguvu. (Haya ni kwa aliyekwishazoea vepu. Asiyevuta hana sababu ya kuanza.)

Tuchukue embe asilimia 5, krimu 3, nanasi 2. Jumla ni 10. Gawa kila moja kwa jumla hiyo: embe ni nusu ya mchanganyiko, krimu asilimia 30, nanasi 20. Kwa gramu 50 za mchanganyiko mama unahitaji embe gramu 25, krimu 15, nanasi 10.

Pima kwa uzito, si kwa sindano. Mizani inayosoma gramu 0.01, kama ya masonara, inatosha kabisa. Zima pangaboi kwanza, maana upepo wake unaichezesha namba na utajikuta unafukuza kitu kisichotulia. Weka chupa, rudisha mizani kwenye sifuri, anza na ladha yenye kipimo kidogo kuliko zote. Sababu ni kwamba ikizidi, bado unaweza kuzifuata nyingine. Nanasi ikisoma 10.30 badala ya 10, zidisha zilizobaki kwa 1.03: krimu 15.45, embe 25.75. Hujaharibu chochote. Anayeanza na embe akaja kumwaga nanasi nyingi mwishoni atalazimika kurudi kwenye chupa zote.

Vitu vitatu visiingie humo: nikotini, kiongeza utamu na kile cha ubaridi. Mchanganyiko ukishafungwa huwezi kupunguza kimoja peke yake, na hivi vitatu ndivyo mtu hubadilisha mawazo juu yavyo mara nyingi zaidi. Kiongeza utamu ndicho kinachounguza haraka koili, waya unaopasha juisi moto. Ukikiacha nje utaweza kukipunguza bila kutupa ladha yote. Nikotini nayo hugeuka rangi ikikaa na vanila, na chupa ya ladha isiyo na nikotini haina hatari ileile ikimwagika. Unapoishika nikotini vaa glavu, na iwe mahali pasipofikiwa na mtoto.

Siku ya kutengeneza, kwa ml 100 za juisi yenye nikotini mg 3 kwa ml, hesabu ni hii: mchanganyiko mama gramu 10, ubaridi gramu 1, nikotini ya mg 20 kwa ml iliyozimuliwa kwa PG (propilini glikoli) ml 15, sawa na gramu 15.5, PG tupu ml 4 yaani gramu 4.1, na VG (glisirini ya mimea) ml 70, ambayo ni gramu 88.2. VG ni nzito, gramu 1.26 kwa ml, wakati PG ni 1.036, ndiyo maana anayefikiri gramu na ml ni kitu kimoja hutoka na juisi nyepesi na ladha kali kuliko alivyokusudia. Ladha zenyewe nyingi ziko karibu na gramu 1 kwa ml, kosa lake ni dogo.

VG ni glisirini, lakini si kila glisirini ya duka la dawa inafaa. Ile ya kupaka yenye harufu ya waridi au iliyotiwa maji iache. Tafuta iliyoandikwa BP au USP, yaani viwango vya dawa vya Uingereza na Marekani, na PG vivyo hivyo. Dawa za kikohozi zilizohusishwa na vifo vya watoto Gambia mwaka 2022 zilikutwa na sumu ya dietilini glikoli, ambayo huingia kupitia malighafi chafu za aina hii. Kwenye chupa isiyo na lebo usibahatishe.

Hapa kwetu kishawishi kikubwa ni mafuta. Pemba kuna Kiwanda cha Makonyo, Wawi, kinachotoa mafuta ya karafuu. Sokoni Darajani, Unguja, hukosi ya mdalasini wala ya mchaichai. Mtu hujiuliza kwa nini anunue ladha ya ng'ambo. Mafuta ya karafuu yanayeyuka kwenye PG, na hapo ndipo watu wanapodanganyika: kuyeyuka si ruhusa ya kuyavuta. Yujenoli, kemikali iliyomo, huchoma njia ya hewa na hula plastiki. Mafuta ya nazi au ufuta, na attari zilizozimuliwa kwa mafuta kama hayo, ni mabaya zaidi, maana mapafu hayana namna ya kuyayeyusha. Marekani mwaka 2019 mlipuko wa maradhi ya mapafu ulihusishwa sana na asetati ya vitamini E, mafuta yaliyotiwa kwenye vepu za bangi. Hadi Februari 2020 watu 2,807 walikuwa wamelazwa au kufa, vifo vikiwa 68. Arki za jikoni nazo zina sukari, rangi, au mafuta. Ziacheni kwenye keki.

Krimu na kastadi muulize muuzaji kuhusu diasetili, kitu kinachotoa ladha ya siagi. Wafanyakazi wa kiwanda cha bisi Missouri waliharibika mapafu kwa kuvuta mvuke wake, jambo lililobainika mwaka 2000. Asiyeweza kukujibu, usinunue kwake.

Weka mchanganyiko mama kwenye chupa ya kioo cheusi ya ml 60, ijae karibu yote ili hewa ibaki kidogo. Matunda tayari baada ya siku chache, krimu huchukua wiki mbili hadi nne. PG na VG hunywa unyevu, kwa hiyo wakati wa masika kifuniko kisilegee. Na joto la dirishani au chini ya bati linaua ladha ya ndimu na chungwa kwanza. Ladha hizo pia hupasua tangi la plastiki la polikaboneti, basi tumia la kioo. Ukiona ukungu au utando unaelea juu, tikisa na usubiri siku moja. Utando huo ukijirudia, kuna mafuta humo ndani. Mwaga chupa nzima.