Swali la Lugha: "Alama za damu" za mtoto aliye tumboni

Mkunga wa Ilemela, Mwanza, anatafsiri kipeperushi cha wodi ya wazazi. Anauliza: "Vipimo vya damu vinavyoonyesha kuwa mtoto anataabika wakati wa uchungu, mwenzangu kaviita 'alama za damu za dhiki ya kijusi'. Ni sahihi?"

Kisarufi hakuna kosa. Tatizo ni masikio ya mama anayesomewa.

"Alama za damu" liache kabisa. Mama mwenye uchungu atafikiria ule ute wenye damu unaotangulia kujifungua, na atakujibu, "Ndiyo, nimeiona tangu alfajiri." Kinachotafutwa hapa kimo ndani ya damu, hasa pH (kipimo cha asidi) na laktati (zao la mwili unaotengeneza nguvu bila oksijeni ya kutosha). Hivyo viite viashiria, na kazi ya kuvitafuta iite kipimo. Dalili ni jambo jingine, mathalani mapigo ya moyo wa mtoto kutoka nje ya 110 hadi 160 kwa dakika.

"Dhiki" humpeleka msikilizaji kwenye ukata. "Kijusi" kibaki kwenye kitabu cha baiolojia. Mama wa miezi tisa ana mtoto. Wahudumu wenyewe husema "mtoto amechoka", na wanaelewana. Lakini aliyechoka hupumzishwa, ilhali huyu anahitaji haraka. Andika: "mtoto hapati oksijeni ya kutosha."

Penye hatari zaidi ni kwenye namba. Oksijeni ikipungua, mwili wa mtoto hutengeneza nguvu bila oksijeni, laktati hujikusanya na damu huzidi asidi. Laktati inapanda, pH inashuka. Sasa mtu akiandika "pH imeshuka, yaani asidi imepungua", ameandika kinyume: pH ikishuka, asidi imezidi. Kwa damu inayotolewa kwenye ngozi ya kichwa cha mtoto wakati wa uchungu, pH ya 7.25 au zaidi ni ya kawaida, 7.21 hadi 7.24 ni ya mpakani, 7.20 au chini yake ni ya hatari. Usikate desimali, 7.24 ikiwa 7.2, mtoto wa mpakani ametiwa kwenye hatari kwa kalamu tu. Laktati ya milimoli 4.1 kwa lita au chini yake ni ya kawaida, na kuanzia 4.9 ni ya hatari, ila viwango hivi hutegemea mashine, kwa hiyo itajwe.

Usiandike pia "damu ya kichwani", mama atadhani mnagusa ubongo. Ni "matone ya damu kutoka ngozi ya kichwa cha mtoto". Wala si sindano: ni mkato mdogo, damu huingia kwenye mrija mwembamba. Chupa ya uzazi iwe imepasuka na mlango wa kizazi umefunguka angalau sentimita 3. Kipeperushi kiseme wazi kwamba mama mwenye VVU au homa ya ini ya virusi hafanyiwi, kwa sababu mkato huo unaweza kumfungulia mtoto mlango wa maambukizi.

"Damu ya kitovu" ni kipimo kingine, huchukuliwa mtoto akishazaliwa na kitovu kikishabanwa. Hapo taja mshipa: ateri, inayotoa damu kwa mtoto, hueleza hali ya mtoto mwenyewe; vena, inayompelekea damu, hueleza zaidi kazi ya kondo la nyuma. Ukiandika "mshipa wa kitovu" tu, majibu mawili tofauti yatasomwa kama moja.