Mgahawa wa Kiasia: agizeni kwa meza, si kwa mtu

Mara ya kwanza tulipoingia mgahawa wa Kichina kula mchana, watu watano, kila mtu aliagiza chake. Sahani ya kwanza ikafika upesi, ikawa ya rafiki yangu aliyekaa dirishani. Tukamwambia, "Wewe kula tu, kitapoa." Akala kwa aibu, kijiko kimoja kimoja, sisi tukimtazama. Ikaja ya pili, kimya, kisha ya tatu. Yangu ilipotua mezani mwenzangu alishamaliza zamani, anachokonoa meno.

Nilimlalamikia mhudumu, na leo nakiri nilimwonea. Vyakula vingi vya jiko lile hukaangwa kwenye karai juu ya moto mkali, dakika chache tu vimeiva, na kila kimoja hutoka kikiwa tayari. Hakuna anayesubiri sahani tano zikamilike, maana zimekusudiwa kukaa katikati ya meza, kila mtu na bakuli lake la wali, mnachota pamoja. Ya kwanza ikifika, wote mnaanza.

Kwa hiyo kabla hamjafungua menyu, semezaneni: leo tunakula pamoja. Mimi huhesabu sahani sawa na idadi ya watu, wali kando, na mkibaki na njaa mnaongeza. Angalieni tu zisifanane. Siku moja tuliletewa nyama ya ng'ombe, kuku na bilinganya, zote zimeogelea kwenye mchuzi uleule mweusi wa soya. Ungefumba macho usingejua unakula nini. Sasa lazima pawe na mboga ya majani, kitu chenye supu na kitu kimoja cha pilipili. Kimoja. Na pilipili ikikuzidi, acha maji, kwa sababu kile kiwashacho hakiyeyuki ndani ya maji. Kula wali, au agiza kinywaji chenye maziwa.

Tambi za supu ni habari nyingine. Ramen ya Kijapani au pho ya Kivietinamu ni bakuli la mtu mmoja, na likifika usimngoje mtu wala usipige picha kumi: tambi zinaendelea kunywa supu, zinavimba na kulegea. Kuzifyonza kwa sauti si utovu wa adabu kwa Wajapani, basi fyonza.

Mambo ya nani hali nini yaulizwe kabla ya kuagiza, kwa sauti, bila kuoneana haya. Tuna mwenzetu asiyekula nyama wala samaki. Alikula mboga za Kithai kwa raha mpaka alipojua zimetiwa sosi ya samaki, ambayo kwenye mapishi yale ni kama chumvi. Mwenye mzio wa karanga aiogope pad thai, zile tambi za Kithai za kukaanga zenye karanga. Asiyekula nguruwe aulize vile vifuko vya unga vina nini ndani, kwa sababu mara nyingi ni nguruwe. Sosi ya soya nayo kwa kawaida ina ngano.

Kuna vifuko viitwavyo xiaolongbao, vya kupikwa kwa mvuke, vyenye supu ndani. Supu hiyo hutiwa ikiwa imeganda, mvuke ukaiyeyusha. Mimi sikuambiwa. Nilitia kizima mdomoni, nikauma, na supu ya moto ikanilipukia ulimini. Siku mbili sikusikia ladha ya kitu. Kiweke kwenye kijiko, toboa pembeni kwa meno, ipulize, ifyonze, ndipo ule kilichobaki na siki na tangawizi.

Vijiti vikikushinda, omba uma. Wathai wenyewe wali hula kwa kijiko, uma ni wa kusukumia. Usivisimamishe tu vijiti wima ndani ya wali, kwani kwa Wachina na Wajapani hufanana na udi unaochomwa kwa ajili ya wafu.

Bili ya vyakula vya pamoja hugawanywa sawasawa, lakini lisemwe mwanzoni, hasa kama kuna aliyekuja kunywa chai tu. Na muulizeni mhudumu sinia moja lina vifuko vingapi. Sisi tulikuwa watano, vikaja sita. Kile cha sita kilikaa katikati ya meza kikipoa, kila mtu akimsihi mwenzake, "Chukua wewe," mpaka mhudumu akaondoa sinia nacho kikiwa ndani.