Kadi inahama, nyaya hazihami

Ilikuwa Ijumaa jioni. Video ya harusi ilitakiwa kwa wenyewe Jumapili, na mashine ninayohariria ilikuwa inajizima kila nikianza kurenda, yaani kuitoa video iliyokamilika. Nilishajua ni pawasaplai, lile boksi linalogawa umeme ndani ya kompyuta, imechoka. Chumba cha pili kulikuwa na kompyuta ya mpwa wangu, anayochezea gemu, yenye pawasaplai ya wati 650. Nikapiga hesabu: naazima pawasaplai yake na kadi yake ya grafiki, ile inayochora picha za kwenye kioo, kwa siku mbili, Jumatatu namrudishia kabla hajatoka shule.

Pawasaplai zote mbili zilikuwa zile ambazo nyaya zake huchomoka pande zote, upande wa kifaa na upande wa pawasaplai yenyewe. Nyaya zangu nilikuwa nimezipanga vizuri nyuma ya kasha, nimezikaza kwa vifungo vya plastiki, na sikutaka kuzivuruga. Nikaziacha palepale, nikatoa boksi tu, nikaingiza la mpwa, nikachomeka nyaya zangu. Ziliingia laini kabisa.

Nilipobonyeza swichi hakukuwa na mlipuko. Feni zilizunguka kidogo, zikasimama. Halafu ikaja harufu ile ya plastiki na kitu kama samaki aliyeungua, ambayo ukishainusa mara moja huisahau.

Kesho yake nilikuwa Kariakoo kwa fundi, nimebeba vihifadhi vyangu viwili, SSD (kile kisicho na sehemu inayozunguka) na hadi diski (hard disk, ile ya sahani inayozunguka), ndani ya mfuko wa rambo. Kabla hajashika chochote akauliza, "Kaka, nyaya ulizotumia ni za pawasaplai hiyohiyo?" Nikamwambia ni za nyingine, ila ziliingia vizuri. Akacheka. "Hata ufunguo wa jirani unaingia kwenye kitasa chako."

Nilichokuwa sikijui ni hiki. Upande unaoingia kwenye diski, kwenye mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) au kwenye kadi, mpangilio wa pini, vile vijiti vya chuma ndani ya plagi, una kanuni moja, kiwanda chochote kile. Upande unaoingia kwenye pawasaplai hauna kanuni. Kila kiwanda hupanga kinavyoona, na hata kiwanda kimoja hubadilisha kati ya toleo na toleo. Plastiki ya nje inaweza kufanana kila kona, lakini pini ambayo kwa pawasaplai moja ni ya volti 5, kwa nyingine ni ya volti 12. Kwangu SSD ilipokea volti 12 mahali ilipozoea 5, ikafa papo hapo. Hadi diski ilikuwa na bahati: nyingi za inchi 3.5 zina diodi ndogo ya kinga kwenye bodi, ambayo hujitoa mhanga umeme ukizidi. Fundi aliing'oa ile iliyoungua, diski ikazunguka, tukanakili harusi yote usiku uleule, maana bila diodi ile diski haina tena mlinzi. Wenye harusi hawajui mpaka leo.

Tangu siku hiyo, pawasaplai ikihama inahama na nyaya zake zote, hata kama itanilazimu kufumua kasha zima. Nyaya za akiba naziweka kwenye mfuko wa peke yake, na juu naandika kwa maka pen jina na toleo la pawasaplai. Ukikuta waya usiojua mama yake ni nani, usiuchomeke. Kama unao ujuzi wa multimita, kile kipimo cha umeme, unaweza kuupima ukiwa haujaunganishwa na kifaa chochote: kwenye zile plagi kubwa za pini nne, waya wa njano utoe volti 12 na mwekundu volti 5, kwa tofauti isiyozidi asilimia 5. Lakini nyaya nyingi siku hizi ni nyeusi tupu, rangi haikusaidii. Mimi huzitupa.

Kadi yenyewe ndiyo kazi rahisi, mradi usiwe na haraka. Kuzima kwenye Windows hakutoshi, kwa sababu pawasaplai huendelea kupeleka volti 5 za akiba kwenye mazabodi hata mashine ikiwa imelala. Zima swichi ya nyuma, chomoa waya ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kama kumi ili umeme uliobaki kwenye kapasita, vile vipande vinavyotunza umeme, uishe. Mara nyingine utaona feni inashtuka kidogo. Ndiyo huo ulikuwa umebaki. Gusa chuma cha kasha kabla hujashika kadi. Kwa joto na unyevu wetu wa Dar umeme tuli si tishio kubwa kama kwenye nchi za baridi kavu, ila kugusa chuma hakugharimu kitu. Fungua skrubu za pembeni, bonyeza kilatchi, kile kibanio kilicho mwishoni mwa sloti (tundu refu la mazabodi inamokaa kadi), ndipo uvute. Kilatchi hicho hujificha chini ya kadi, na watu wengi wameng'oa sloti kwa kukisahau.

Sasa kwenye kuchomeka, angalia plagi mbili zinazofanana kama mapacha. Ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta, ina pini nane na hugawanyika nne kwa nne. Ya kadi ina pini nane pia, lakini hugawanyika sita na mbili. Pini za volti 12 na zile za ardhi zimepangwa kinyume. Umbo limekatwa ili zisiingiliane, lakini mtu mwenye misuli na hasira huziingiza. Ikikataa, usiisukume.

Halafu kuna hesabu ya wati. Sloti peke yake inatoa wati 75. Plagi ya pini sita inaongeza 75, ya pini nane 150. Kadi kama GTX 1050 Ti inakula wati 75, ndiyo maana matoleo mengi hayana plagi kabisa. RTX 3060 inakula 170, na NVIDIA wanapendekeza pawasaplai ya wati 550. Kama kadi ina matundu mawili ya umeme, vuta nyaya mbili tofauti kutoka kwenye pawasaplai, usitegemee waya mmoja wenye vichwa viwili. Na vile viunganishi vya kugeuza plagi ya SATA, ile ya kupeleka umeme kwenye diski, kuwa ya pini sita, vinavyouzwa bei ya soda, viache dukani. Plagi ya SATA imeundwa kubeba wati 54 tu kwenye laini ya volti 12, wewe unaiomba 75. Inayeyuka.

Wanaonunua mashine za ofisi za mtumba wana shida ya kwao. Dell OptiPlex 9020, kwa mfano, plagi kuu ya mazabodi ina pini nane badala ya 24 za kawaida, na ile ya umbo la mnara huja na pawasaplai ya wati 290. Huwezi kuipachika pawasaplai ya dukani bila kiunganishi maalumu, na kadi ya kuweka humo ni hizi za wati 75. OptiPlex zenye kasha jembamba zaidi zinataka kadi fupi kwa kimo. Pima kwa rula kabla hujalipa.

Mashine zilizotoka Marekani, tazama nyuma: baadhi ya pawasaplai za zamani zina kiswichi chekundu cha 115 na 230. Ikiwa kwenye 115 na ukachomeka kwenye umeme wetu, utasikia mlio wa pawasaplai kupasuka.

Waya unaoruhusiwa kuhama kwa uhuru ni ule wa ukutani tu, maana huo ni uleule kwa karibu kila kompyuta ya mezani. Hata huo ushike kwanza: ukiwa mwembamba kama wa redio na unapata moto mashine ikifanya kazi, tafuta mwingine.

Ukimaliza, washa kasha likiwa wazi, hakikisha feni za kadi zinashtuka, futa draiva za zamani, zile programu zinazoiendesha kadi, weka mpya. Na kama kioo kinabaki cheusi, kabla hujanipigia simu usiku kama alivyofanya mpwa wangu Jumatatu ile, chungulia nyuma. Yeye waya wa HDMI, ule wa kwenda kwenye kioo, alikuwa ameuchomeka kwenye mazabodi badala ya kwenye kadi.