Maharage yanachelewa kuiva Mwanza

SWALI: Nimehamia Nyakato, Mwanza, nikitokea Tanga. Maharage yangu yanachelewa kuiva hapa hata nikiongeza mkaa. Jirani anasema ni kwa sababu ya mwinuko, lakini mbona tupo kando ya ziwa? Je, maji ya kunywa nayo niyachemshe kwa muda mrefu zaidi?

JIBU: Jirani yako, dada, amesema kweli. Wengi wakiona ufukwe na mitumbwi hudhani wako usawa wa bahari, ilhali uso wa Ziwa Victoria uko takribani mita 1,134 juu ya bahari, na mitaa yote ya Mwanza iko juu zaidi ya hapo. Kadiri tunavyopanda, hewa iliyo juu yetu hupungua na mgandamizo wake hulegea, hivyo maji hugeuka mvuke kwa joto dogo zaidi. Kila mita 300 hivi hupunguza karibu nyuzi 1 ya Selsiasi. Ndiyo maana maji yanayochemka Tanga kwa nyuzi 100, Mwanza huchemka kwa nyuzi 96 hivi, na maharage huivia katika joto hilo pungufu.

Mkaa wa ziada hausaidii, na ningependa kila mpishi alijue hili, kwa kuwa mkaa ni ghali na miti ndiyo inayoteketea: maji yakishatokota, moto mkali huyakausha upesi tu bila kuyapandisha joto. Kijiko cha chumvi nacho hakibadilishi kitu. Loweka maharage usiku kucha, funika sufuria, punguza moto, kisha uyape muda. Sufuria ya presha ndiyo dawa hasa, kwani hubana mvuke ndani mpaka joto lipite nyuzi 110. Hata hivyo, yakikataa kuiva kwa saa nyingi, mimi ningeyashuku maharage yenyewe kabla ya mwinuko, maana yaliyokaa mno ghalani huwa magumu popote, hata huko Tanga.

Kuhusu maji ya kunywa, usiwe na hofu. Vijidudu vya kipindupindu na vya homa ya matumbo hufa kabla maji hayajafika nyuzi 96, kwa hiyo dakika 1 ya kutokota sawasawa inatosha. Dakika 3 hushauriwa kwa walio juu ya mita 2,000, kama wakazi wa Kitulo. Yaache yapoe yakiwa yamefunikwa, na uyahifadhi katika chombo safi, kwa sababu kikombe kichafu kikitumbukizwa humo huyachafua upya.