Michoro ya Kolo inatosha kuwa sababu ya safari

Ndugu yangu, umeuliza kama nyanda kame za Dodoma zina cha kuionyesha familia inayotoka Dar es Salaam kwa siku tatu, mbali na mashamba ya mtama na zabibu. Kipo. Pandeni treni ya SGR hadi Dodoma, mlale, kisha alfajiri mshike barabara ya lami ya Babati hadi Kolo, mbele kidogo ya mji wa Kondoa, ambako mtapata kibali na mwongozaji katika ofisi ya mambo ya kale. Michoro ya miambani ya Kondoa iliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, na kwa maoni yangu inastahili siku nzima: mtaona watu warefu, wembamba mno, waliochorwa kwa rangi nyekundu kando ya twiga na pofu. Msiguse mwamba hata kwa kidole, na mkikuta mabaki ya tambiko pangoni yaacheni yalivyo, kwani wenyeji bado hutambika huko. Nendeni kiangazi, kati ya Juni na Oktoba. Bebeni maji ya kutosha. Ndala ziacheni nyumbani.