Meseji zimefungwa sawa, ila Gmail ya simu yako ni ya nani?

Mkuu, umeuliza kama WhatsApp wanasoma meseji zako, maana uliongea na shemeji habari za godoro, kesho yake likakutokea tangazo la godoro. Nimekaa na meza ya simu Kariakoo miaka tisa, nitajibu kwa niliyoyaona.

Maneno yenyewe hawayasomi. Tangu Aprili 2016 meseji inafungwa kwenye simu yako na kufunguliwa kwenye simu ya unayemwandikia tu. Kinachoonekana ni cha juu ya bahasha: namba yako, aina ya simu, saa unazoingia, na namba za watu wako ukishawaruhusu. Hilo godoro pengine shemeji alilitafuta Google kwa simu yako.

Mnaokimbilia Telegram, chati za kawaida kule hazifungwi hivyo mpaka ufungue chati ya siri. Programu nyingine ya meseji, Signal, ndio walioniridhisha: mwaka 2016 waliletewa hati ya mahakama Marekani, wakawa na vitu viwili tu vya kutoa, siku akaunti ilipofunguliwa na siku ya mwisho kuingia.

Sasa kinachowaumiza watu huku kwetu. Alikuja mama mmoja muuza vitenge analia, picha za sendofu ya binti yake ziko kwenye simu ya kijana aliyemuuzia simu. Kumbe kijana aliona kumfungulia Gmail ni kupoteza muda, akamwekea ya kwake. Picha na namba za wateja vyote vikawa vinapanda kwenye akaunti ya huyo kijana. Hakuna mdukuzi wala nini. Na nikiri, hata mimi nimewahi kuwafungulia wateja Gmail kwa nywila ya jina lao na 123.

Bakapu ya WhatsApp, yaani nakala ya akiba ya chati zako, nayo inakwenda Google, na kufuli lake unaliwasha mwenyewe kwenye mipangilio. Lipo tangu 2021. Ukisahau nywila yake na simu imepotea, chati zimekwenda.

Nilimwambia mama kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, inatumika tangu Mei 2023, na Tume ya kupeleka malalamiko ipo. Akaniangalia: "Mwanangu, nikamshtaki mtoto wa jirani yangu?"

Basi tukamwita kijana, akafuta picha mbele yetu, nikamfungulia mama Gmail yake. Alipofika kwenye nywila nikampa simu, nikageuka kutazama barabarani.